Kijaribio Kilichoitika

Kijaribio kilikubali, na hapo ndipo fundi wa programu alipojua kuna jambo haliko sawa.

Alikuwa akijenga upya maktaba ya C, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao programu zote huuegemea, kwa ajili ya kifaa kidogo cha mlangoni. Marehemu mkewe ndiye aliyekiunda, akakitia sauti yake: "Umerudi, mume wangu?" Kilipoharibika nyumba ilinyamaza, na upweke ukamla fundi mzimamzima. Kazi aliifanyia kwenye kompyuta yake kubwa, ambayo ni mashine ya aina nyingine kabisa. Kabla ya kuanza, ujenzi hutunga programu ndogo ya kujaribia na kuiendesha papo hapo. Programu iliyotungwa kwa ajili ya kifaa haiwezi kukimbia kwenye kompyuta. Sharti ishindwe, ndipo ujenzi ujue kwamba unajengea mashine nyingine. Lakini hii ilikubali, ujenzi ukadanganyika, kila kitu kikakwama.

Akachomoa kifaa, akakifungia kabatini, akarudia. Kijaribio kikakubali tena, na kiti cha mkewe, kando yake, kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa, na mchana ule mweupe chumba kikajaa harufu ya mafuta ya nywele ambayo chupa yake aliitupa mwenyewe baada ya mazishi, naye akabaki ameukodolea macho mwanga wa kompyuta kwa sababu hakuthubutu kugeuza shingo.

Akampigia simu mwenzake wa kazini, wanayemwita Mganga kwa kupunga mashetani ya programu. Leo, alipokwisha kusimuliwa, utani wote ulimwisha.

"Uko na nani hapo?" akanong'ona.

"Peke yangu."

"Basi usiuache ujenzi uulize kwa kijaribio. Andika mwenyewe kwamba mashine ni nyingine. Kitu hicho kisipoulizwa, hakina pa kuitikia."

Fundi akaandika mstari huo mmoja. Kiti kikatulia, harufu ikakatika, maktaba ikajengeka hadi mwisho. Akaitia kwenye kifaa, akatoka nje, akaingia.

"Umerudi, mume wangu?"

"Nimerudi," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Leo nimechoka sana."

Kimya. Akatoka, akaingia tena. Maneno yaleyale, pumzi ileile. Kumbe hakuwa akitaka sauti. Alitaka mtu wa kumjibu.

Akarudi mezani, akaufuta mstari wa Mganga, akaanzisha ujenzi. Kijaribio kikakubali. Kiti kikalia.

"Pole kwa kuchoka, mume wangu," ikasema sauti nzito kutoka kitini, isiyo ya mkewe.

Fundi akasogeza kiti chake karibu.