Kasha Lisilopimwa

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akala, akaosha sahani yake, kisha akaingia chini ya meza ya cherehani kuokota pini zilizoanguka. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Aliokota pini huku akiongea. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, alikanyaga cherehani na kumwitikia pale alipoona inafaa.

"Tukimaliza kuiunda kompyuta, Mama, mchezo wa kwanza utakuwa mbio za magari. Kaka amesema barabara inakuwa na maji, na taa za magari zinamulika mpaka unaona matone."

"Mh."

"Halafu kuna sauti ya injini, kama gari liko humu ndani."

"Na hesabu za shule, nazo zina injini?"

Chiriku akarudi kwenye pini zake.

Kaka yake alisoma chuo cha ufundi. Tangu mwaka uliopita alikuwa akikusanya kompyuta ya kuchezea michezo, kipande kwa kipande. Jioni alipiga pasi nguo za wateja wa mama yake, na kila alipojaliwa alinunua kitu kimoja. Vipande hivyo alivipanga juu ya kabati, kila kimoja ndani ya boksi lake. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye mchezo. Ilikuwa ndefu, nzito, yenye feni zake yenyewe. Sasa lilibaki kasha tu, yaani chombo cha nje kinachobeba vyote hivyo.

"Watu wanadhani kasha ni nguo ya kompyuta," Kaka alimweleza Chiriku. "Wanaangalia lipendeze, basi."

"Hata nguo haishonwi ipendeze tu," mama yao alisema bila kuinua kichwa.

"Haya, ni nyumba. Kila kipande kilale kikiwa kimenyoosha miguu, na hewa iingie mbele itokee nyuma. Kadi ya picha ikipata joto, mchezo unakwama katikati."

Duka la kompyuta lilikuwa limepunguza bei za makasha, na siku ya mwisho ilikuwa ile ambayo Kaka alikuwa na mtihani wa vitendo. Ilibidi Chiriku aende badala yake, kwa kuwa mama yao alikuwa na safari ya kununua nyuzi mtaa huo huo. Kaka akailaza kadi juu ya kifuniko cha boksi la viatu, akaizungushia penseli, akachukua mkasi.

"Huo mkasi ni wa vitambaa," mama akasema.

"Mara moja tu, Mama."

"Mara moja ndiyo inayouua."

Kaka akaurudisha mkasi taratibu, akatumia kisu. Kilipatikana kipande cha boksi kilichokuwa sawasawa na kadi kwa urefu na upana, kama vile mama yao alivyokata vielelezo vya karatasi kabla ya kukata nguo.

"Kadi yenyewe siwezi kukupa utembee nayo barabarani," akamwambia Chiriku. "Chukua hiki. Mwambie muuzaji akufungulie kasha, ukilaze ndani, mahali inapokaa kadi. Kikilala bila kukunjwa, nunua. Kikigoma, liache, hata kama linang'aa namna gani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa tangu ulipoanza."

"Ndiyo maana naogopa."

Siku hiyo mama alimwacha Chiriku kwenye duka la kompyuta, akaenda kununua nyuzi. Mwenye duka alikuwa mwanamke mpole ambaye wateja walimwita Mama Waya. Makasha yalipangwa kwenye rafu ukutani, na mbele ya rafu hiyo walisimama vijana wawili wakibishana kuhusu michezo. Chiriku aliwasalimia, akapita katikati yao. Papo hapo akaliona kasha lake. Lilikuwa jeupe, ubavu wake mmoja ni kioo kitupu, na ndani yake feni za mbele zilizunguka zikibadilisha rangi: bluu, zambarau, kijani. Akasahau kumwamkia mwenye duka, akasahau hata nyuzi za mama yake.

"Nikufungulie?" Mama Waya akauliza.

"Ndiyo, Mama. Nataka kupima."

Mama Waya aliondoa kioo, kisha akaitwa na mteja mwingine. Chiriku akatia mkono kwenye mfuko aliobeba, akakitoa nusu kile kipande cha boksi. Kijana mmoja akakiona.

"Mdogo wangu, hiyo ni ya nini? Unakuja kuikatia kompyuta suruali?"

Mwenzake akacheka. "Muulize kama itakuwa na mifuko."

Hawakusema kwa ubaya, na baada ya dakika walikuwa wamerudi kwenye ubishi wao. Lakini masikio ya Chiriku yaliwaka moto. Kipande kilikuwa na picha ya kiatu upande mmoja. Akakisukuma ndani ya mfuko. Akaliangalia kasha kwa macho, akaona ni kubwa, tena kubwa sana. Kadi gani itakosa nafasi humo?

"Vipi, limekufaa?" Mama Waya aliporudi akauliza.

"Limenifaa."

Kasha la kuuza lililetwa kutoka stoo na mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akifunga mizigo ya wateja. Alifunga kila kitu kwa kamba, hata kilichokuwa na mpini, ndiyo maana akaitwa Babu Kamba. Alilisoma boksi akiwa amelisogeza karibu na pua, akalizungushia kamba, akaacha kitanzi cha kushikia.

"Hapa mkono hautauma, mjukuu wangu," akasema.

Nje ya duka, kabla mama yake hajatokea, Chiriku akakitupa kile kipande kwenye pipa la taka.

Nyumbani hakusubiri. Kioo kilikuwa kimefunikwa ngozi nyembamba ya plastiki, na kila aliyewahi kubandua ngozi kama hiyo anajua utamu wake. Aliivuta kutoka pembeni, polepole, mpaka ikatoka yote. Kaka aliporudi kutoka chuoni alilikuta kasha linameta juu ya meza, akatabasamu mpaka jino la nyuma.

Walifanya kazi pamoja jioni hiyo. Bodi kuu inayounganisha vipande vyote iliingia. Kifaa cha umeme kikaingia. Kaka akainyanyua kadi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaishusha. Haikushuka. Akaigeuza kidogo, akajaribu tena. Ncha yake iligonga feni za mbele. Ilizidi kwa upana wa vidole viwili.

"Ulipima?" Kaka akauliza.

"Nilipima."

"Kikalala?"

"Kikalala."

Maneno yalimtoka upesi, kama maneno yake yote. Kaka alikaa akilitazama kasha. Kisha uso wake ukabadilika.

"Basi hili silo ulilopima. Lililetwa na nani?"

"Yule babu wa stoo."

"Ndiyo hivyo. Amekosea boksi. Sivyo?"

Chiriku alitazama chini. "Labda," akasema.

Kwa mtoto aliyezoea kusema maneno mengi, hilo lilikuwa neno moja tu, dogo. Lakini ndilo Kaka aliloondoka nalo kesho yake asubuhi, akiwa na kadi kwenye mkoba, boksi begani, na mama na dada yake nyuma.

"Leo unaumwa?" mama akamuuliza Chiriku njiani. "Tumepita mtaa mzima hujataja hata paka."

"Siumwi."

Dukani Kaka alizungumza kwa adabu, lakini sauti yake ilikuwa imekaza. Alieleza kwamba kasha lililopimwa na kasha lililofungwa si moja, na kwamba asingeweza kununua jingine. Mama Waya akasikiliza mpaka mwisho, akamwita Babu Kamba. Mzee akaja na bonge la kamba mkononi. Akaliinamia lile boksi, akalisogeza karibu na pua kama siku iliyotangulia.

"Mimi naona ni lile lile," akasema taratibu. Akalisoma tena. "Lakini sijui. Labda ni mimi. Macho haya siku hizi yananicheza."

Mama Waya akashusha pumzi. "Babu, haya ndiyo tuliyoyazungumza. Mwezi uliopita ulitoa printa isiyokuwa yenyewe. Sikukasirika. Lakini naona umefika wakati ukapumzike nyumbani."

"Sawa, mama," Babu Kamba akasema. "Kama nimewatia watu hasara, sawa."

Hakulalamika. Alianza kuizungusha kamba kwenye bonge lake, vizuri, mpaka ncha, kama mtu anayemwachia mwenzake kazi iliyo safi. Chiriku aliitazama ile mikono. Alitamani mtu mwingine aseme kitu: Kaka, mama, hata wale vijana wa jana. Hakuna aliyejua cha kusema isipokuwa yeye.

"Hakukosea," akasema.

Wakamgeukia.

"Ni lile lile kasha. Babu hakukosea. Mimi sikupima." Akamgeukia Mama Waya. "Watu walinicheka, nikaona haya, nikakirudisha kipande cha kupimia mfukoni. Nikakitupa hapo nje. Kaka aliponiuliza nikasema nilipima."

 Kaka aliitazama kadi, kisha akamtazama dada yake, na Chiriku akaona afadhali angempigia kelele.  Mama alimwekea mkono begani, akamgeuza amtazame mzee.

"Babu, nisamehe," Chiriku akasema, machozi yakimdondoka. "Nilikuacha uchukue kosa langu."

"Na mimi, Babu," Kaka akasema. "Nilikutaja hata kabla ya kukuona."

Babu Kamba aliketi kwenye boksi la karibu. "Macho ni mabovu kweli, siwezi kukataa," akasema. "Lakini nilianza kuogopa kwamba hata kichwa kimeondoka. Ahsante kwa kunirudishia kichwa changu, mjukuu wangu."

"Na mimi nilikuwa tayari kukuamini ukijishitaki mwenyewe," Mama Waya akamwambia. "Stoo ni giza, na taa uliniomba tangu zamani. Rudi kazini, Babu. Taa inafungwa leo."

Kisha akalifungua lile kasha jeupe na kulitazama. Ngozi ya plastiki ilikuwa imekwisha banduliwa, kwa hiyo hakuweza kuliuza kama jipya. Alifikiri kidogo. Akaenda kwenye rafu ya juu, akashusha kasha jeusi la maonyesho. Halikuwa na kioo wala taa. Mbele lilikuwa na wavu mtupu wa chuma, kona moja ilikuwa imekwaruzika, na vumbi lilikuwa limejaa.

"Hili limekaa hapa muda mrefu, nalo siwezi kuliita jipya. Lenu litakaa mahali pake, watu walione. Mkiridhika, tubadilishane. Lakini kwanza pimeni."

Kaka akaitoa kadi na kumpa Chiriku. Hakumwambia la kufanya. Chiriku akaipokea kwa mikono miwili, mbele ya wateja wote, akaishusha ndani ya kasha. Ikalala, na mbele yake pakabaki nafasi ya kiganja kizima.

"Imeingia," akasema. "Njoo uone mwenyewe, Kaka."

Kaka akaja, akaona mwenyewe.

Njia yote ya kurudi, kasha alilibeba Chiriku. Nyumbani alikaa uani na brashi, akatoa vumbi kwenye kila tundu la ule wavu, na hakuna aliyemwomba aharakishe. Kaka alimjibu alipoulizwa tu, tena kwa ufupi. Ilikuwa karibu na jioni aliponyoosha mkono na kusema, "Nipe bisibisi, Chiriku," na Chiriku akajua kwamba hasira inapungua, ingawa haijaisha.

Kompyuta iliwaka. Feni zikavuta hewa kupitia wavu, kadi ikabaki baridi, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea barabara yenye maji, na taa, na matone. Mbio za kwanza Kaka alimpa mama yao. Mama aligonga ukuta, akageuka, akagonga tena, huku mguu wake ukikanyaga sakafu.

"Breki ziko wapi kwenye kitu hiki?"

"Kwenye vidole, Mama, si mguuni," Chiriku akasema, na wote watatu wakacheka.

Baadaye, Kaka alipokwenda kuoga, mama alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Kulionea haya boksi la viatu si kosa kubwa," akasema. "Ni utoto, utakuisha. Hata kununua kasha lisilofaa si kosa kubwa. Mimi nimeharibu nguo za watu mara nyingi. Nafumua, naomba radhi, nashona upya. Lakini ukisema umepima na hujapima, mwenzako anaendelea kujenga juu ya neno lako. Kaka yako alijenga juu yake, mpaka likamfikia mzee wa watu ambaye hakukukosea lolote ila kukufungia mzigo vizuri. Ona lilivyokwenda mbali, na wewe ulikuwa umekaa hapa tu."

"Niliogopa, Mama."

"Najua. Na leo pia uliogopa, tena mbele ya watu wengi zaidi, lakini ukasema. Hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke. Siku ambayo hukupima, sema hukupima. Hakuna atakayekumeza. Tutachukua futi, tutakwenda wote, tutapima."