Vidonge vya Mke, Vidonge vya Mume

Fundi viatu alikuwa na kibanda mbele ya nyumba yake. Kila asubuhi alitoa benchi, nyundo na gundi, akaketi kusubiri soli zilizochoka. Mkewe alimletea chai na kidonge cha presha. Wote wawili walikuwa na presha. Wote wawili waliandikiwa dawa na daktari, kila mtu zake.

Shida ya fundi ilikuwa foleni. Dawa zikimwishia, aliamini ni lazima arudi hospitali, akae kwenye benchi mpaka mgongo ulalamike. Basi akawa anapiga chenga. "Nitakwenda kesho," alisema, na kesho yake akasema hivyohivyo. Mkewe hakupenda akae bila dawa. Akaanza kumgawia zake.

"Presha ni presha," alisema. "Meza, baba."

Fundi alimeza. Mtu akihudumiwa hivyo na mkewe, atakataa kwa mdomo upi?

Siku hizo hizo akaanza kukimbilia choo kila mara. Wateja walimtania.

"Fundi, umefungua tawi huko nyuma?"

"Tawi la wateja wakorofi," aliwajibu. Alicheka nao, lakini kila akiinuka, kichwa kilizunguka na ilibidi ashike ukuta.

Siku moja walijiandaa kumtembelea binti yao. Mama alichukua viatu vya ngozi ambavyo mumewe alimshonea kwa mikono yake. Alisukuma mguu, haukuingia. Alisukuma tena.

"Viatu vyako vimesinyaa, fundi."

Fundi alipiga magoti. Angeweza kukosea kipimo cha mguu wa mtu yeyote, lakini si mguu huu. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo lilibaki.

"Viatu viko vilevile," alisema. "Mguu ndio umevimba. Wewe dawa zako unameza?"

Mama alitazama pembeni. "Siku nyingine nameza. Hazitoshi watu wawili."

Fundi aliogopa. Aliogopa kweli. Kumbe muda wote alikuwa akimnyang'anya mkewe dawa, huku akimwambia asante.

Kwa binti hawakwenda. Walitia dawa zote na vyeti vya daktari kwenye mfuko, wakaenda duka la dawa la mtaa wa pili. Mfamasia, mwanamke wa makamo asiye na haraka, aliwapima presha na kuwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwagombeza.

"Mama, hizi zako zinatoa maji mwilini," alieleza. "Ndiyo maana mzee alikuwa anakimbia choo na kupata kizunguzungu. Nawe ulipoziruka, maji yakajaa miguuni. Ugonjwa mnaweza kuwa nao mmoja, lakini dawa hazifanani. Daktari humchagulia kila mtu ya kwake."

"Sasa nimeze mbili kufidia?" aliuliza mama.

"Hapana. Usiongeze hata kimoja. Presha yako imepanda, nataka daktari awaone leo. Nampigia simu sasa hivi."

Kisha alisoma cheti cha fundi, akakigeuza kumwonyesha mstari wa chini.

"Mzee wangu, mbona hapa daktari ameruhusu urudie dawa hizi? Huhitaji foleni ya hospitali kila zikiisha. Zikibaki za wiki moja, njoo hapa na cheti. Muda wa ruhusa ukikaribia kwisha, nitakukumbusha urudi kwa daktari akupime upya."

Fundi alikikodolea macho kile cheti. "Nimekitunza miezi yote hii," alisema. "Kukisoma ndiyo sikukumbuka."

"Ukiwa na swali, uliza," alisema mfamasia. "Kuuliza hapa ni bure."

Daktari aliwaona siku hiyo hiyo, akawaeleza namna ya kuanza upya, kila mmoja na dawa zake. Tangu hapo fundi hakungoja dawa zimwishie. Alipoona zimebaki chache, alifunga kibanda, akaenda na vyeti vyote viwili. Kizunguzungu kilikwisha. Uvimbe wa miguu ya mama ukapungua, akarudi kutembea hadi sokoni bila kupumzika njiani.

Baada ya muda jirani yao alikuja mbio kidogo, leso mkononi.

"Mama, nisaidie vidonge viwili vya presha. Vyangu vimeisha, nitakurudishia."

Fundi aliacha nyundo. Alimjua mkewe. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumnyima jirani hata chumvi.

"Sikupi," alisema mama. Jirani alishtuka. Mama alimshika mkono. "Nakupenda, ndiyo maana sikupi. Kachukue cheti chako, nikupeleke."

Waliondoka pamoja kuelekea mtaa wa pili. Fundi aliwafuata kwa macho mpaka kwenye kona. Jirani alikuwa nyuma akihema, na mkewe alikuwa mbele, akisimama kumsubiri.