Sarafu Yenye Tundu

Ridhwani alikuwa fundi wa milango mjini Amu, kisiwani Lamu. Kila asubuhi, kabla ya kushika tindo, alimlisha uji mama yake, Bi Nana. Mwaka ule wa 1954 Bi Nana alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani.

Alikuwa na hamu moja tu: kuishika tena sarafu yake. Alipoolewa, mumewe alimpa sarafu ya kale ya dhahabu, akaitoboa kwa mkono wake ili aivae shingoni. Wakati wa vita njaa iliingia. Bi Nana akaiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, wanawe wapate kula.

Sasa yule mfanyabiashara alikuwa amefariki. Ridhwani aliona tangazo gazetini: mali yake itauzwa kwa mnada, na ndani yake mna sarafu mbili adimu za dhahabu.

"Nitaweka shamba rehani," alimwambia mkewe, Radhiya. "Wakitaja bei yoyote, mimi nitapandisha."

Radhiya hakubishana naye. Alikwenda kumwita jirani yao, Bwana Kamaludin, ambaye zamani alikuwa karani wa nyumba ya mnada kwa miaka mingi.

"Umeiona sarafu yenyewe?" aliuliza Bwana Kamaludin.

"La. Lakini najua ni yake."

"Hujui, bwana. Kabla ya mnada kuna siku ya kutazama. Nenda siku hiyo. Ishike, igeuze, omba ipimwe mizani. Ukiwa na shaka, usinunue."

"Na nikiona ndiyo?"

"Andika bei yako ya mwisho kabla hujaingia. Mnada una ulevi wake. Mtu hushindana na mwenziwe mpaka akasahau alichofuata. Tena uliza ada. Nyundo ikigonga kwa mia, huenda ukalipa mia na kumi."

"Mama yangu anakufa, Bwana Kamaludin."

"Najua. Na wanao wataishi kwa shamba lile."

Ridhwani aliinama. Kisha akachukua kalamu na karatasi, akaandika: *Shilingi mia na hamsini, pamoja na ada.* Ndiyo akiba yote waliyokuwa nayo.

Siku ya kutazama, huko Mombasa, sarafu mbili zilikuwa juu ya kitambaa cheusi. Moja iling'aa, haina doa. Ya pili ilikuwa na tundu, na kando ya tundu mkwaruzo mfupi. Utotoni Ridhwani aliuchezea mkwaruzo ule kifuani kwa mama yake. Aliishika, akaigeuza, akaomba ipimwe kwenye mizani.

"Hiyo imeharibika," karani wa pale alimwambia. "Wakusanyaji hawapendi yenye tundu."

Siku ya mnada, ile nzima ilinunuliwa kwa mia tisa. Ridhwani alitoa karatasi yake. Ikafuata yenye tundu. Hamsini. Themanini. Mia. Mtu mmoja mwenye suti akataja mia na ishirini.

"Mia na thelathini," alisema Ridhwani. Pamoja na ada, hakuweza kupanda kumi nyingine. Akakunja karatasi yake mkononi, akangoja.

Yule mtu alitikisa kichwa. Nyundo ikagonga.

Ridhwani alilipa, akadai risiti, akarudi Amu.

Bi Nana aliipapasa sarafu kwa kidole gumba. "Imezunguka nti na miji, ikarudi," alisema. "Na shamba? Nilikusikia ukitaja rehani."

"Lipo, mama."

"Alhamdulillahi." Akamwita Radhiya. "Ivae weye, mwanangu. Mimi naenda nisikohitaji pambo."

Alifariki siku ya Ijumaa. Ridhwani alimzika mama yake, naye mwenyewe hana deni la mtu yeyote.