Picha Iliyotupwa

Redio ya Motorola ilikwaruza saa saba mchana.

"Simba Mbili, moto umezimika. Teketeza tepu. Ova."

Mpelelezi Alois aliielewa amri hiyo ya mkuu wake. Upelelezi umefungwa.

Mkuu huyo, Pantaleo, alikuwa ameipeleka tepu Dar ikageuzwa ili ionekane kwenye mashine za video za hapa nchini. Nakala ilirudi giza tupu. Basi Justina, mama ntilie wa bandari kavu ya Isaka aliyeficha kamera ya Sony kwenye kapu la wali na kurekodi ghala la magendo ya dhahabu, akaonekana mwongo aliyerekodi giza makusudi ili kuwakinga wezi. Jana Alois mwenyewe alimfunga pingu. Leo saa nane Pantaleo angempeleka Shinyanga, na watu waliopanda gari la Pantaleo wakiwa na pingu hawakuwa na kawaida ya kufika.

Hilo lilimkosesha Alois amani. Ndiyo maana alikuwa mtaa wa Nyasubi, dukani kwa Gulnaz, mpiga video wa harusi, na tepu halisi mkononi.

"Aliyeigeuza kaiharibu, kaka Alois," alisema Gulnaz. "Kamera ni ya mfumo wa Kimarekani, inapiga picha thelathini kwa sekunde. Video zetu ni ishirini na tano. Yeye kila picha ya sita kaitupa."

"Wewe utafanyaje?"

"Ndugu zangu wa Toronto hunitumia tepu kama hizi kila harusi. Ukitupa picha, bibi harusi anarukaruka kama panzi. Mimi situpi hata moja, naiacha iende polepole. Bibi harusi akitembea taratibu, nani atalalamika?"

Giza la ghala likapita kwenye runinga. Taratibu mno.

Mara, mwanga!

Gulnaz akasimamisha tepu. Cheche pekee ya mchomelea vyuma ilikuwa imewaka kwa picha moja tu, ile iliyotupwa. Ilimulika kontena namba 417. Ikammulika na mtu aliyekuwa akipakia dhahabu.

Pantaleo.

Miaka tisa Alois alikuwa akimpigia saluti mtu huyu.

"Mkuu," alisema redioni, "tepu ninayo. Ukiwa njiani na mahabusu, pitia kwa Gulnaz uiteketeze kwa mkono wako. Ova."

"Nakuja. Ova."

Akabadili chaneli. "Geti la Isaka, zuieni kontena 417. Lisitoke hata likiwa na kibali. Ova."

Dakika kumi baadaye Pantaleo aliingia akimburura Justina. Akajiona kwenye runinga. Mkono ukaenda kiunoni.

Alichelewa. Bastola ya Alois aina ya Browning ilikuwa sikioni mwake.

"Ufunguo, mkuu."

Alois alimfungua Justina pingu, akazihamishia kwenye mikono ya Pantaleo.

"Pole sana, Mama Jenifa."

Justina alisugua vifundo vya mikono. "Nilikuapia kwa jina la mwanangu," alisema. "Ukaiamini runinga."

Alois alivaa miwani yake ya jua, akamsukuma Pantaleo mbele, akatoka kwa hatua za mtu asiye na haraka.

Mlangoni alimsikia mama yule akianza kulia.

Hakugeuka.