Hereni Kumi na Nane

SAA 2:10 ASUBUHI. Mji wa Ndama, chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo.

"Ng'ombe kumi na wanane wako kwenye fuso la Fidele, kijijini Igurwa," alisema Rwezaura. "Saa tano tunafika kwenye geti la ukaguzi wa mifugo. Mlinzi atasoma hereni za masikioni kwa simu. Nataka simu iseme mwenye mali ni mimi. Noela?"

Noela alitunza mitambo ya ushirika wa wafugaji. "Seva kubwa yenye orodha ya wenye ng'ombe ilizimika wiki iliyopita, seva msaidizi ikapanda cheo. Ya zamani imepona, iko stoo, bado inajiona bosi. Naandika jina lako humo, nazima mpya, naikalisha hii kwenye kiti chake."

"Na tukishapita?"

"Narudisha ilivyokuwa."

Rwezaura alicheka, akamrushia karatasi ya namba za hereni. Jamaa wa Muleba huyo. Ng'ombe kwake ni kilo tu, hakujua kwamba huku wana majina, na majina huandikishwa.

SAA 3:25. Stoo ya ushirika.

Namba ya kwanza ilileta Bihogo. Ya pili Gaju, ya tatu Mayenje. Mwenye mali: Natukunda, kijiji cha Bweranyange.

"Mama yangu wee!"

Shangazi yake Noela. Mjane aliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe haohao. Hasira ilimpanda. Hata hivyo aliandika jina la Rwezaura mara kumi na nane, akapiga picha kioo cha kompyuta, akamtumia.

"Safi, dada," Rwezaura alijibu. "Tunaondoka."

Noela alinakili kila kitu kwenye diski. Kisha akafanya kile ambacho mashine iliyopokonywa cheo lazima ifanyiwe kabla ya kurudi kazini. Aliirudisha nyuma hadi dakika ilipozimika, yote yaliyoandikwa baada ya hapo yakafutika, akaifunga iwe mfuasi wa ile mpya. Mpya hakuigusa, nayo ndiyo simu ya getini inayoisoma. Halafu akapiga simu polisi.

SAA 5:05. Getini.

"Shikamoo, mzee. Wa nani hawa?"

"Marahaba. Wangu."

Mlinzi alisoma hereni moja, akasoma ya pili. "Simu inasema wa Natukunda."

"Soma tena!"

"Nimesoma mara mbili, mzee. Shuka."

Fidele alifungua mlango wa dereva. "Kila mtu abebe msalaba wake, bosi!" Akatokomea nyasini, mwoga mkubwa yule. Rwezaura alimpigia Noela, askari wawili wakimjia.

"Umenigeuka, mshenzi wewe?"

"Nimeirudisha mashine salama, kaka."

"Utafungwa na wewe! Ni wewe uliyeandika!"

"Najua."

Huko stoo, polisi wengine walishasimama mbele ya meza ya Noela. Noela aliwasogezea diski. Mistari kumi na minane, na kila mmoja ulibeba jina la Noela kama mwandishi. Aliogopa sana, na hakuficha.

"Niruhusuni kwanza nimpigie shangazi," alisema. "Afungue zizi, ng'ombe wanarudi."