Jina Lililomo Katika Maghala Yote

Siku hiyo kiti cha Fundi Amri kilikuwa na joto kabla hajakikalia, na chumba chake cha kompyuta kilinuka nywele zilizoungua. Akacheka tu. Bwana huyu kipanya hakigusi; anaandika amri kwenye kioo cheusi kwa kasi mpaka kibodi inahema, na majirani mtaa wa tatu wanadhani mvua imeanza. Hata kadi yake ya mlangoni ilisomeka Fundi Amri. Jina alilopewa na mama yake lilishaoza.

Kwenye kiwanda cha magodoro alikofanya kazi mambo yalikuwa yameharibika. Watu walianguka kwenye maghala yote matatu, na wakizinduka wanaongea kwa sauti za wenzao. Milango ilikuwa inaandika kila kadi inayopita, kila ghala na safu yake ya majina kwenye kompyuta.

"Nitafutie jina lililomo kwenye safu zote tatu," Meneja alinong'ona. "Huyo ndiye anayetembea na jini. Leo anaondoka nalo."

"Hiyo kazi naifanya huku napiga chafya, bosi."

Akazimwaga safu zote pamoja, akaiamuru mashine imletee jina lililotokea mara tatu. Likaja moja: Mama Mapacha. Mfagiaji. Mke wake.

"Kumbe unalala nalo," Meneja alisema, akisogeza kiti nyuma.

"Subiri kwanza, bosi. Tafadhali."

Jasho lililomtoka lingeogesha tembo na watoto wake. Akachungulia tena, akashusha pumzi. "Kosa langu. Ghala la kwanza tu aliingia, ila mara tatu, anafagia. Ilibidi nifute marudio ndani ya kila safu kabla sijazichanganya."

Akarudia, safari hii vizuri. Mashine ikajibu: tatu. Na mbele ya tatu, pale pa jina, hakuna kitu. Pengo tupu.

"Mlango unafunguka bila kadi?" Meneja aliuliza taratibu.

"Haufunguki."

Harufu ile ikapanda, na ukutani kukasikika kama mtu anaburuta godoro lililolowa, anaburuta, anapumzika, anaburuta tena, kila akipumzika yuko karibu zaidi, mpaka kioo kikaanza kupata ukungu kwa upande wa ndani, pale ambapo hakuna mdomo unaoweza kufika.

"Lifute hilo pengo, ndugu yangu," Meneja alisihi.

Fundi Amri akaamuru nafasi tupu zote zifutwe. Kimya. Harufu ikakatika.

"Umeona? Waganga wanadai mbuzi, mimi nimetumia kidole. Sasa tazama, mke wangu ni msafi."

Akaitoa ile amri mara nyingine. Mashine ikajibu: tatu, Fundi Amri.

"Bosi, mimi huko sijawahi kukanyaga, vumbi linanibana kifua, we mwenyewe unajua," alitaka kusema, lakini midomo ilicheza bila kutoa sauti, miguu ikagoma, na Meneja alikuwa anamtazama yeye, kisha kioo, kisha yeye, huku akirudi nyuma kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani.

Nje koridoni fagio likaegeshwa.

"Baba Mapacha," mkewe aliita. "Umemaliza? Watoto wananingoja."

Fundi Amri akapanua mdomo kwa nguvu zake zote. Hakukutoka hata pumzi.

"Nimemaliza, mke wangu," sauti yake ikajibu koridoni, karibu kabisa na mkewe. "Twende nyumbani."

Na hatua za watu wawili zikaondoka, pamoja.