Kibwana Hajaulizwa

Chai iliyokuwa mbele ya kigoda ndiyo iliyokwisha. Vikombe vingine vilikuwa bado vinafuka mvuke, Amosi hajagusa chake, na Thobias alisimama dirishani akitazama ukungu ukiteremka kutoka milimani. Kigoda kilikuwa kitupu. Filomena alikiinua kile kikombe, akakuta majani ya chai yameganda chini makavu kabisa. Akamtupia jicho mdogo wake Kristina, na Kristina akatikisa kichwa. Basi akamimina nyingine, akajisemea kuwa habari za chai zisimharibie Jumapili yake.

Jumapili zao walikuwa wamezigawa hivi: asubuhi kanisani, alasiri mchezo. Mchezo wenyewe uliingia Bigwa ndani ya belo la mitumba. Ilikuwa enzi za ruksa, vitu vya Ulaya vinamiminika Morogoro vizima kwa vibovu, na Amosi, muuza mashati sokoni, alikuta katikati ya masweta boksi lenye dadu za pande nyingi na kitabu cha Kiingereza. Alikipeleka kwa Filomena, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyetishwa na kitabu wala na mtu. Filomena akasoma, akacheka, akaelewa. Mmoja anasimulia hadithi, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani yake. Msimulizi anakuuliza, mtu wako anafanya nini? Unajibu mwenyewe, halafu dadu inasema kama umefaulu.

Ngome na mazimwi ya Wazungu aliyatupilia mbali, akaweka misitu na mapango ya Uluguru. Kristina akawa mwindaji. Amosi akachagua kuwa mganga tapeli, na alimweza kweli. Thobias, dereva wa lori la mboga, akawa mkuu wa vita.

Na Thobias ndiye aliyekuwa mzigo. Dadu ikimkatalia anadai imegonga kikombe, irushwe upya. Mwenzake akiulizwa, anajibu yeye. Aliyeumia zaidi ni Kristina, msichana wa kufikiri kabla ya kusema. Kabla hajafungua mdomo Thobias ameshamaliza: "Mwindaji anapanda mti, anatupa mshale, twende!" Filomena humkemea kama mtoto wa darasa la pili, naye huomba radhi kwa unyenyekevu wote, na punde si punde ni yuleyule.

Siku mkuu wake wa vita alipokufa mtoni, Thobias aliondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata akarudi na kigoda begani.

"Mtu wangu mpya anaitwa Kibwana," alisema. "Hakai kwenye kiti cha plastiki huyu. Mpeni togwa, halafu mmwamkie."

"Tukuamkie wewe?" Amosi aliuliza.

"Kibwana. Ni mzee wa watu. Bila shikamoo zenu sichezi."

Wakamridhia ili mambo yaende. Amosi alikuwa Mgogo, na Filomena na Kristina walizaliwa Turiani, watoto wa mkata miwa aliyetoka Songea. Hakuna kati yao aliyeona ubaya wowote. Kristina alipiga magoti kwa madaha, Amosi akainama mpaka kofia ikaanguka, na Thobias akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito wakacheka wote. Filomena peke yake hakuamkia. Alisema haamkii kijana mdogo kwake, hata akalie kiti cha enzi.

Hiyo ndiyo wiki iliyotangulia ile ya kikombe kikavu. Sasa turudi kwenye kikombe.

Filomena alianza kusimulia. Aliwafikisha kwenye pango, akamgeukia mdogo wake. "Mwindaji anafanya nini?"

"Mwindaji ananyamaza," alisema Thobias kutoka dirishani, bila kugeuka. "Hatasema tena mpaka nimruhusu."

"Thobi! Mwindaji ni wa Kristina. Kristina, sema mwanangu."

Kristina alifungua mdomo. Midomo ilicheza, mishipa ya shingo ikamtoka, na haikutoka sauti yoyote. Walidhani anatania. Akaendelea kujaribu, macho yakijaa machozi, mpaka Amosi akaacha kucheka. Ndipo wote wakasikia harufu ya ugoro, mkali na mbichi, na katika nyumba ile hakuna aliyenusa ugoro.

Hospitali walimchungulia koo wakasema ni zima. Kristina alikuwa akifundisha chekechea pale kigangoni, watoto thelathini wanaoimba naye kila asubuhi; wiki nzima alisimama mbele yao akipiga makofi tu, mpaka katekista akamwambia kwa upole apumzike nyumbani, na kama hali itabaki hivyo watatafuta mwingine. Aliporudi alijifungia chumbani. Filomena alisikia ukimya ule kupitia mlangoni, na hasira ikamshika pabaya.

Alimfuata Thobias kwenye lori lake, akamweka kando.

"Thobi, tuongee kama watu wazima. Unamfanyia nini mdogo wangu?"

Thobias alikuwa amekonda. "Mwalimu, si mimi ninayesema. Mdomo ndio wangu."

"Ni nani, basi?"

"Kibwana alikuwa mjomba wake mama. Watu wanasema alifuga jini." Alitazama huku na huko, akashusha sauti. "Kwetu Uluguru mtu akifa, mpwa anarithi jina. Wanamkalisha kwenye kigoda, wanamnywesha, wanamwamkia. Kuanzia hapo ndiye marehemu mwenyewe. Shamba lake, kesi zake, na kila alichokuwa akikifuga. Jina la Kibwana wazee walikataa lisirithiwe."

"Na kigoda?"

"Chake. Nilikitoa darini kwa bibi."

"Mungu wangu, Thobi! Kwa nini?"

Thobias alifuta uso kwa mkono. "Nilitaka nisife tena kwenye mchezo."

Filomena alimtazama, akatamani kumchapa kibao, akatamani pia kumkumbatia. Akamwambia asikanyage nyumbani kwake mpaka aitwe. Alidhani ukimfukuza mchezaji mkorofi, ukorofi unaondoka naye.

Jumapili iliyofuata Thobias alikuwa Turiani, ameenda kupakia mchele. Filomena na Amosi walikaa sebuleni na Kristina katikati yao, dadu zimeshachomwa jikoni asubuhi, majivu yake yametupwa chooni. Hata hivyo kitu kilianza kuviringika juu ya sakafu ya chumba cha pili, taratibu, kikagonga ukuta, kikaviringika tena. Halafu, kutoka kwenye kigoda kilichokuwa kimekaa pembeni kitupu, sauti ya Thobias ikasema:

"Mbona hamnianzii?"

Amosi alimshika Filomena mkono akamminya mpaka vidole vikafa ganzi. "Dada Filo," alinong'ona, "nakwenda kumwita mganga."

Alimleta Mzee Rehani kutoka Kingolwira, mtu anayejulikana kwa kutoa majini, akiwa na ubani, sahani ya kombe ya kuandikia aya, na sifa zake zote. Aliingia kwa heshima kama ilivyo desturi yake, akakigeukia kigoda akakiamkia, ili aliyemo asione amedharauliwa. Kisha akakunja mikono ya kanzu.

"Mganga," ikasema sauti, kwa upole kabisa, "anasahau alichokijia."

Mzee Rehani alisimama na kipande cha ubani mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu kama mgeni aliyekosea nyumba, akauliza kama kuna anayeweza kumwelekeza njia ya kwenda Msamvu. Amosi alimsindikiza barabarani, na mzee akamshukuru sana, akamuuliza jina lake mara kadhaa.

Hapo ndipo Filomena alipoelewa. Kristina aliamkia, sauti ikaenda. Rehani aliamkia, akili ikaenda. Amosi naye aliamkia, zamu yake tu haijafika. Yeye hakumpa shikamoo yule, na yule hakuwa amemgusa hata unywele. Mtu yeyote angekimbia nyumba ile. Filomena aliogopa, tena sana. Lakini alikuwa na kichwa kigumu tangu kuzaliwa, na hadithi ile alikuwa ameianza yeye. Alimtuma Amosi akamlete Thobias.

Ukungu wa Jumapili iliyofuata ulikuwa mzito hata alasiri ikawa kama magharibi, mlima hauonekani, mti wa jirani hauonekani, na ndani ya sebule walilazimika kuwasha kandili ili waonane nyuso. Walikaa kama zamani. Thobias alirudi kwenye kiti cha plastiki, na kigoda kilikuwa mahali pake.

"Leo hakuna atakayemwamkia," alisema Filomena. "Hata akilia."

"Nisikilize, mwalimu," sauti ilisema, na safari hii haikuwa tena ya Thobias, ilikuwa ya mtu mzima mwenye kohozi. "Nipe kiti chako cha msimulizi. Mimi nisimulie. Mtoto atapata sauti yake leo hii."

Filomena alimwona mdogo wake akimtazama. Alijua akikubali, Kristina angeimba kesho na chekechea yake. Alijua pia kwamba kuanzia kesho kila mtu Bigwa angekuwa anafanya linalosemwa na kigoda.

"Hujaulizwa," alimjibu. "Thobi, wewe unaitwa nani?"

Meno ya Thobias yaligongana. Ugoro ulijaa chumbani mpaka macho yakawasha. "Mimi... naitwa..."

"Kibwana," ilisema sauti.

"Hujaulizwa! Thobi!"

"Thobias!" alipiga kelele. "Thobias mwana wa Theresia! Jina la Kibwana sikupewa na mtu, nililiiba, nalirudisha!" Akakishika kigoda kwa mikono miwili, akakipindua miguu juu.

Kandili ilizimika. Katika giza lile kitu kikaanza kuzunguka ukutani, kwanza taratibu kama mtu anayepapasa mlango, kisha kwa kasi, kikigonga picha ya Bikira Maria, kikigonga kabati, kikipita nyuma ya viti vyao karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake ya baridi shingoni, na huku kinazunguka kikawa kinasema kwa sauti ya Amosi, kisha ya katekista, kisha ya mama yao aliyezikwa Turiani, Filo mwanangu, mwache mzee wa watu, mpe anachotaka, mtoto atakufia, na Filomena machozi yakimtiririka, maana hakuwa ameisikia sauti ile tangu siku ya msiba, akapapasa gizani mpaka akaushika mkono wa Kristina akaukaza, akauliza kwa sauti yake ya darasani:

"Mwindaji anafanya nini?"

"Ananyamaza," alisema mama.

"Hujaulizwa. Kristina, mwindaji anafanya nini?"

"Analia. Anapiga magoti. Anakufa!"

"Hujaulizwa. Mimi nitauliza mpaka kuche, na kesho nitauliza tena, sina haraka. Kristina. Mwindaji wako anafanya nini?"

Wakangoja. Amosi alianza kuomba kwa Kigogo chinichini akajizuia. Hakuna aliyemsaidia Kristina, hakuna aliyemmalizia, hata Thobias, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kuuma ngozi. Filomena aliusikia mkono wa mdogo wake ukijaa jasho. Kisha akasikia mkwaruzo, mdogo, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa.

"Mwin..." alisema Kristina. Akakohoa. "Mwindaji anasimama."

Kile kitu kilisita ukutani.

"Kisha?" aliuliza Filomena.

"Anamwambia yule mzee atoke. Hapa si kwake. Hakuna aliyemzaa hapa, hakuna anayemwogopa." Alikuwa anaogopa, walimsikia; alisema vivyo hivyo. "Anamfungulia mlango."

Mlango wa sebule ukafunguka, ukungu ukaingia miguuni mwao, na ugoro ukatoka polepole, ukikwaruza kizingiti. Mbwa wa jirani walibweka mmoja baada ya mwingine kuelekea mlimani, halafu wakanyamaza.

Amosi aliwasha kandili. Thobias alikuwa ameinama analia. Alianza kusema, "Kristina, mimi..." na Kristina akainua kidole.

"Subiri," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Sijamaliza."

Wakasubiri. Akasimulia mwindaji alikotoka na alikokuwa anakwenda, akasimama, akafikiri kwa muda mrefu kama kawaida yake, akaendelea, na hakuna aliyethubutu kumkatiza mpaka alipomaliza.